Marehemu baba alikuwa anakata mikia ya samaki wa nyumbani. Wavuvi wa humu, kwa nini?

#1 Mgosi wa Kigombe
Salaam wadau. Hitima ya arobaini ya mzee wetu tumeisoma, wageni wametawanyika, na nyumbani tumebaki kubishana jambo moja. Humu kuna wavuvi na watoto wa wavuvi, mtusaidie.

Mzee alikuwa mvuvi wa Kigombe, huku kwetu kati ya Tanga na Pangani. Amevua mshipi, ametega madema, amekesha na dagaa kwenye mwanga wa karabai, na jarife, ule wavu wa papa, amelishika pia. Bahari aliipenda mno, hata siku ya mapumziko anashuka pwani kuwatazama wenzake wanavyokosea. Akirudi, samaki wa kuuza wanabaki mnadani, wa nyumbani anakuja nao mkononi kwenye mtungo wa ukindu. Na hao wa nyumbani wote hawana mikia. Changu hana mkia, tasi hana mkia, hata kikande mwenye ngozi ya kuvunja kisu hana mkia. Mkato mmoja safi, umepigwa huko huko chomboni.

Sisi tulikua tukijua samaki ndivyo alivyo. Darasa la kwanza nilichora samaki, mwalimu akanirudishia daftari akitaka mkia.

Ukimuuliza mzee, kila mtoto na jibu lake. Mimi aliniambia mikia anawaachia wenzao baharini wapate cha kuomboleza. Kaka yangu aliambiwa inauzwa kwa fundi feni mjini. Mdogo wetu wa mwisho aliambiwa samaki wakisikia jina la baba yake wanakimbia na kuacha mkia kama mjusi. Mama akiulizwa anacheka mpaka anafuta macho, basi.

Kwenye matanga watu wazima wenye ndevu wamegombana kwa ajili hiyo. Kuna sababu ya kivuvi hapa, au mzee alikuwa anatuchezea miaka yote?

#2 Kaa Kimya
Poleni sana. Ila uzi wa samaki bila picha ni batili.

#3 Kibua wa Feri
Pole mkuu. Hili halina fumbo. Mimi niko soko la Feri, Dar, kila alfajiri naona vyombo vikishusha. Chombo cha watu wengi kina mgao. Kwanza zinatoka gharama: mafuta, barafu, chakula. Halafu chombo kina fungu lake, mashine fungu lake, nyavu fungu lake, kinachobaki ndicho cha mabaharia. Lakini kabla ya yote hayo kila baharia anatoa kitoweo chake, na kitoweo hakiingii mnadani. Sasa samaki wamejaa chomboni, changu wako na changu wangu nani anawajua? Mtu anatia alama. Huyu anatoboa pezi, yule anafunga kamba, mzee wako alikata mkia. Mods, fungeni uzi.

#4 Nahodha Mstaafu
Usifunge, Kibua. Mimi ni wa Kilwa, nimepita pwani hii kwa jahazi na kwa mashua kabla mashine hazijaenea. Alama ya kitoweo ipo, hapo sikupingi. Lakini mtu ukishapitisha ukindu kwenye matamvua, mtungo wenyewe ni alama. Kuna haja gani ya kukaa unakata mkia mmoja mmoja, jua linakuchoma na tanga linakusubiri?

Mleta uzi, mzee alikuwa anavua na wenzake au peke yake?

#5 Mgosi wa Kigombe
Asante nahodha. Yote mawili. Kwenye giza la mwezi anapanda boti ya dagaa na wenzake. Maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, anachukua ngalawa yake na mshipi, peke yake au na mpwa wake. Na mikia anakata kote kote. Ndiyo maana hoja ya #3 hainitoshi. Kwenye ngalawa ya mtu mmoja anagawana na nani?

#6 Kaa Kimya
Na majini.

#7 Sangara Mkavu
Sisi wa ziwani tuna jibu fupi: rula. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na mkaguzi anapima kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia. Mkia usipokuwepo atapima nini? Marehemu baba yangu mdogo, Ukerewe, alikuwa bingwa wa mambo hayo. Siku moja wakamkuta na sangara hawana mikia, akaapa kwamba mamba ndiye kawala. Mkaguzi akamuuliza, "Huyo mamba kisu alinunua wapi?" Naye akajibu, "Nansio, siku ya mnada."

Alilipa faini huku anacheka. Mzee wa mleta uzi namuona ni wa aina hiyo hiyo.

#8 Daktari wa Dagaa
Mimi ni afisa uvuvi, wilaya siitaji. Sangara Mkavu, sentimita 50 ni sheria ya sangara wa Ziwa Victoria. Changu na tasi wa Kigombe hawana rula hiyo, baharini ugomvi wetu mkubwa ni matundu ya nyavu. Na samaki aliyekatwa mkia ndiye wa kwanza kutiliwa shaka, kwa hiyo baba yako mdogo alikuwa anaturahisishia kazi.

Mimi nasema ni damu. Samaki wa mshipi anapanda chomboni mzima. Ukimkata matamvua au karibu na mkia moyo ungali unapiga, damu inatoka, nyama inabaki nyeupe na haiharibiki upesi. Wanaovua jodari wa kwenda nje ya nchi wanafanya hivyo hivyo. Mtu hana barafu, jua la kaskazi limesimama utosini, halafu mnasema ni mzaha? Mzee alikuwa na akili.

#9 Kibua wa Feri
Daktari, kama ni ubora, mbona wa kuuza hakuwakata? Mvuvi gani anampelekea mkewe samaki bora, sokoni anapeleka wale wengine?

#10 Bi Karafuu
Mvuvi anayempenda mkewe. Wewe Kibua mpaka leo hujaoa nini?

Mie nipo Wete, Pemba. Poleni wafiwa, Mungu amlaze pema. Hamjataja kijicho, na kijicho ndicho cha kwanza. Ami yangu hakuwa akipita njiani na samaki bila ya kuwafunika. Samaki mnono ukimpitisha mbele ya mabaraza matatu, kila jicho lishamla kabla hajafika jikoni. Mtoto mchanga mzuri si anatiwa doa la wanja usoni? Basi na samaki ukimtia kilema, jicho linapita. Mbona jambo dogo hilo.

#11 Daktari wa Dagaa
Bi Karafuu, samaki kashakufa, kijicho kitamfanya nini tena?

#12 Bi Karafuu
Si yeye. Wanaokwenda kumla.

#13 Mtani Mnyamwezi
Watu wa pwani ni watani wetu tangu babu zetu wanabeba mizigo yenu kwenye misafara, kwa hiyo nina haki ya kusema: huyo mzee mikia alikuwa anakula mwenyewe. Mkia wa kukaanga unaliwa mpaka mfupa, unavunjika kama mkate wa ngano uliokauka. Watoto wote hao, mkia mmoja kila samaki, nani angemwachia?

Halafu niulize la maana. Kwenye msiba watani walifika? Mzee mcheshi akizikwa bila watani hajazikwa.

#14 Mgosi wa Kigombe
Mtani, walifika na walituaibisha. Jeneza lilipotoka mlangoni, wawili wakalala njiani na mshipi wa kuvulia wameutega kutoka mchungwa hadi ukuta wa jirani. Wanasema huyu amevua maisha yake yote, leo na yeye anavuliwa, lipeni ushuru wa bandari. Wajomba wakatoa pesa. Watani wakahesabu, wakasema haitoshi, samaki mkubwa huyu. Mmoja akaanza kutembea kama mzee: kifua mbele, mkono mmoja kiunoni, anaimba taarabu za kundi la Black Star huku amesahau maneno nusu. Watu walikuwa wanalia, wakajikuta wanacheka. Mama alicheka kuliko wote.

Ndivyo alivyokuwa. Akirudi baharini hapigi hodi ya kawaida, anasimama nje na kuuliza, "Mwenye nyumba hii ana mume?" Mama anajibu kutoka jikoni, "Ninaye, lakini kaenda baharini." "Basi fungua upesi kabla hajarudi." Majirani wanajua, wanafunzi wanaopita wanajua, na kila siku wanacheka upya.

Na sisi watoto alitutuma. Alinituma kwa jirani nikaazime ufunguo wa bahari. Jirani akasema nimempa fulani, fulani akasema kauchukua mwalimu wa madrasa, nikazunguka kijiji mpaka magharibi. Wote walikuwa wanajua. Nimerudi nalia, akanipa pweza wa kuchoma, mkono mzima peke yangu.

#15 Kaa Kimya
Mwalimu wa madrasa naye akashiriki. Kijiji chenu kilikuwa na umoja wa kutisha.

#16 Dada Mkubwa
Asalaam aleikum. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu, mdogo wangu kanitumia anwani akidhani nitamuunga mkono.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Nilipokuwa mdogo samaki wetu walikuwa na mikia. Huyu anayesema "miaka yote" hakuwa amezaliwa. Baba alianza kukata baada ya Coastal Union kuchukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Nakumbuka kwa sababu mwaka ule hakwenda baharini siku yoyote ambayo Wagosi wa Kaya wanacheza Mkwakwani, mpaka mama akamwambia akawaombe wachezaji kitoweo.

Baba alikuwa na mshirika wa ngalawa, mpenzi wa kufa na kupona wa African Sports, mahasimu wa Coastal hapo hapo Tanga. Waliwekeana dau. Lilikuwa dau gani hatukuambiwa, lakini kuanzia pale mshirika hakutaka hata kusikia neno Coastal chomboni, na samaki wetu wakawa hawana mikia. Fikirini wenyewe.

#17 Mgosi wa Kigombe
Dada, shikamoo, lakini hapana. Coastal ndiyo iliyoshinda. Baba ndiye aliyeshinda dau. Kwa nini samaki wa mshindi ndio wakatwe mikia?

#18 Dada Mkubwa
Marahaba. Labda mikia ilikuwa malipo ya mshindi, kila mkia bao moja. Au mshirika aliomba achukue mikia yake na baba ili aache kutaniwa. Nimesema fikirini, sikusema nimejua.

#19 Mtani Mnyamwezi
Wana Kimanumanu, yaani African Sports, walibeba mikia. Hii nakubali bila ushahidi.

#20 Mdigo wa Gazi
Poleni sana kutoka huku Kenya, pwani ya kusini. Nyote mmepita pembeni. Mwaka 1988, Tanga. Mbona hakuna anayetaja baruti?

Babangu alikuwa akinunua samaki waliovuka mpaka kwa mashua, wa kutoka upande wenu, na kabla ya kutoa pesa anawakagua mmoja mmoja. Samaki wa baruti nje mzima, ndani uti wa mgongo umevunjika, damu imetapakaa kwa nyama, ukimshika anakunjika vibaya. Ukikata mkia unaona yote: mfupa, damu, ugumu wa nyama. Mzee alikuwa akikata ili mkewe aone kwamba huyu ni wa mshipi. Ni cheti.

#21 Daktari wa Dagaa
Hapa Mdigo kanitikisa kidogo. Kwa wasiojua: baruti ilikuwepo ukanda wa Tanga tangu miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inaikataza wazi, na kabla yake ilikuwa marufuku pia, lakini milio iliendelea, mpaka kamatakamata ya kuanzia 2016 hivi ndipo ikapungua sana. Mlipuko mmoja unaua wakubwa na wachanga na kuvunja matumbawe, na sehemu kubwa ya waliokufa wanazama, hawaokotwi hata na aliyelipua. Mvuvi wa mshipi aliyerudi na samaki wazuri miaka ile angeweza kushukiwa, hilo ni kweli.

Ila kwa kuangalia uti wa mgongo kuna sehemu bora zaidi ya kukata kuliko mkia.

#22 Dada Mkubwa
Mama hakuwa anapika samaki wa baruti. Hilo ni kweli kabisa. Aliwahi kumrudishia shemeji ndoo nzima, mbele ya watu.

#23 Mgosi wa Kigombe
Basi si ndiyo hiyo! Mdigo kashinda.

#24 Dada Mkubwa
Hajashinda. Baba na mama walikuwa pamoja zaidi ya miaka kumi kabla ya mikia kuanza kukatwa, na baruti ilikuwepo. Miaka yote hiyo alimwamini bila cheti, halafu 1988 akaacha kumwamini?

#25 Kaa Kimya
Labda ndio mwaka alioanza kumjua.

#26 Mpwa wa Ngalawani
Mimi ndiye mpwa aliyetajwa #5. Nimekwenda naye tangu niko darasa la tano, kazi yangu ilikuwa kukomba maji na kunyamaza. Nawaambia nilichoona kwa macho.

Akishavua vya kutosha anasema, "Sasa wa shangazi yako." Anachagua yeye, hachagui wakubwa, anachagua wanaofanana. Anakata mkia ubavuni mwa ngalawa, anautupa majini, anasema, "Salimia wenzako." Kila mmoja. Hakuna mkia uliopanda pwani, kwa hiyo Mtani hoja yako ya kukaanga imezama. Na hakuna aliyepewa mshirika, kwa sababu nilipoanza mimi mshirika alishaacha bahari, alikuwa na duka.

Siku moja nikamuuliza ni kafara? Akanitazama kama nimetukana. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, Ijumaa haendi kabla ya kutoka msikitini. Akasema, "Kafara gani ya mikia? Ukitoa, toa samaki mzima."

#27 Dada Mkubwa
Binamu, wewe ulikuwa mtoto na baba alikuwa hawezi kukaa na mtoto bila kumwigizia kitu. "Salimia wenzako" hiyo ilikuwa yako. Mume wangu alipokwenda naye alimsikia akisema maneno mengine kabisa, ambayo siwezi kuyaandika hapa.

#28 Mpwa wa Ngalawani
Dada, hayo maneno nayajua. Yalikuwa ya kikande tu, kwa sababu kikande alikuwa anamlia chambo.

#29 Nahodha Mstaafu
Nimefurahi humu. Mpwa, niambie: alipokuwa anachagua "wanaofanana", walikuwa wa kima gani? Kwa sababu nina wazo jingine. Zamani wavuvi wengi walikuwa na deni kwa tajiri. Tajiri kakupa nyavu, kakupa tanga, wewe unamuuzia yeye tu, kwa bei yake, na akija pwani anapekua mpaka kikapu chako. Samaki mwenye kasoro hamtaki, hanadiki. Ukishamkata mkia umemtoa sokoni kabla hujatia nanga. Hata ushuru haudaiwi. Huo ndio ujanja wa masikini, na mtu ukishauzoea unaendelea nao hata deni likiisha.

#30 Kibua wa Feri
Nahodha hilo lina uzito, lakini kwa huku Feri samaki asiye na kichwa ananadiwa, asiye na mkia ananadiwa, na mwenye shaka ananadiwa wa mwisho.

#31 Nahodha Mstaafu
Feri ni mjini. Kijijini mnunuzi ni mmoja na ana mdomo.

#32 Mgosi wa Kigombe
Nahodha, deni lilikuwepo. Sitasema zaidi, wahusika wana watoto. Ila alimaliza kulipa, na siku aliyomaliza alifanya sherehe ya biriani ya nguru, akamwalika na tajiri mwenyewe.

Turudi kwenye uongo wake, maana mnamfanya mtakatifu. Mzee alikuwa anaapa kwamba yule samaki wa kale, silikanti, alimpata yeye kwenye jarife kabla ya Wazungu kusikia. Anasema alikuwa mrefu kuliko mimi, magamba ya kung'aa, mapezi mithili ya mikono, akamtazama machoni. Akamtupa kwa sababu alikuwa na mafuta mengi na sura ya baba mkwe wake. Tanzania yote imemjua silikanti kutokea kwetu Kigombe mwaka 2003, yeye anasema alishampata kitambo.

#33 Nahodha Mstaafu
Taratibu hapo. Wa 2003 si wa Kigombe, alipatikana Songo Mnara, kwetu Kilwa. Nyie wa Tanga mlianza kuwapata 2004, ndipo wakaja kwa wingi.

#34 Mdigo wa Gazi
Na Malindi, Kenya, alipatikana mmoja 2001. Tulieni wote.

#35 Daktari wa Dagaa
Nahodha na Mdigo mko sawa. Wa Tanga wengi walinaswa na majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, kwenye miteremko. Kwa sababu yao ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, na Kigombe imo. Ulimwengu wa sayansi ulidhani amekwisha zamani sana mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938. Kwa hiyo mvuvi wa jarife wa Kigombe kudai alimpata kabla, mimi simwiti mwongo moja kwa moja. Mafuta anayo kweli, na ukila nyama yake tumbo linakuendesha.

#36 Mpwa wa Ngalawani
Urefu ulikuwa unaongezeka kila mwaka. Nilipoanza kuisikia hadithi alikuwa wa kifuani.

#37 Kaa Kimya
Na huyo alikuwa na mkia?

#38 Mpwa wa Ngalawani
Alisema anao mmoja wenye mwingine mdogo katikati. Tulidhani ni mzaha mpaka tulipoona picha yake gazetini. Ni kweli, uko hivyo.

#39 Sangara Mkavu
Duh. Basi mzee alimwona.

#40 Dada Mkubwa
Au aliona picha kabla yenu. Baba alikuwa anasoma gazeti lililofungia vitumbua mpaka tangazo la mwisho.

Naomba niseme kitu kimoja ambacho si cha mikia. Nilipokuwa mdogo alitupeleka kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilipokuwa bado na mivinje. Siku hizi watalii wanakuta mchanga mtupu unaofunikwa na maji, miti ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulibeba sufuria, nazi, mbuzi ya kukunia, na redio. Siku nzima hakuvua. Mvuvi katikati ya bahari, samaki wanarukaruka, na yeye analala kivulini kichwa kwenye mapaja ya mama, anatuambia leo samaki wana likizo. Tulikula mihogo. Njiani kurudi upepo ukafa, akapiga kafi mpaka Kigombe huku anatutajia nyota ambazo nusu alizitunga majina.

#41 Bi Karafuu
Huyo ndiye mume. Kibua soma mara mbili.

#42 Mdigo wa Gazi
Mleta uzi, pale #5 ulisema mshipi alikuwa akivua maji mafu. Huku kwetu wazee wengi walikuwa wakipenda bamvua, maji yakienda kwa nguvu samaki anatoka kula.

#43 Nahodha Mstaafu
Inategemea mwamba. Kwenye bamvua mkondo unavuta, chubwi, ule uzito wa mshipi, haifiki chini, unavua upepo. Bamvua ni ya pweza, maji yanakauka mbali, kina mama na vijana wanatembea na mikuki. Maji mafu mshipi unasimama wima, unamsikia hata anayeonja tu. Na madema je, mzee alitega na chambo gani?

#44 Mpwa wa Ngalawani
Mwani, kwa ajili ya tasi. Na ngogwe zilizooza, siri yake hiyo, nimeitoa bure.

#45 Daktari wa Dagaa
Tasi anakula majani, mwani ni sahihi. Ngogwe ndio kwanza nasikia.

#46 Kibua wa Feri
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: mgao, damu, kijicho, dau la mpira, baruti, deni la tajiri, na salamu. Mleta uzi mshirika wake mwenye duka bado yupo? Si akaulizwe yeye?

#47 Mgosi wa Kigombe
Yupo. Nilikwenda juzi. Akaniambia nimnunulie soda kwenye duka lake mwenyewe, kwa bei ya rejareja. Nikanunua. Akaanza kuhadithia msimu wa 1988, mechi kwa mechi, kwa upande wa African Sports. Adhana ya magharibi imetukuta bado mzunguko wa kwanza. Amesema nirudi na nije na pesa ya soda nyingine.

#48 Mtani Mnyamwezi
Huyo ndiye mrithi halali wa marehemu. Mtunzeni.

#49 Dada Mkubwa
Mimi nitakwenda na mama. Mbele ya mama hawezi kuzunguka. Tatizo mama mwenyewe nimemweleza mpango huu akaanza kucheka tena, akasema wale wawili waliapishana na yeye alikuwepo.

#50 Mgosi wa Kigombe
Waliapishana nini dada? Mbona hilo hukulisema?

#51 Dada Mkubwa
Kasema mpaka nimpikie tasi vizuri.

#52 Mdigo wa Gazi
Mpikie wa kupaka basi. Choma kwanza, halafu tui zito, pilipili, ndimu.

#53 Bi Karafuu
Tasi hatiwi tui jamani! Tui la changu. Tasi ana harufu yake, unampasua, unampaka ukwaju na pilipili mbichi na chumvi, makaa ya kifuu, basi. Ukimtia tui umemficha.

#54 Mdigo wa Gazi
Mamangu alitia tui na tulikuwa tukilamba sahani.

#55 Bi Karafuu
Mlikuwa mnalamba tui.

#56 Sangara Mkavu
Sisi tungemkausha.

#57 Bi Karafuu
Nyinyi wa ziwani nani kakuulizeni?